Je, magenge ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika, yalizaliwa na umaskini peke yake?

Mwalimu wa Uraia, Iringa: Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wanashikilia kwamba magenge ya Jamaika yametokana na ufukara tu. Mnaonaje?

Mkazi wa Mwanjelwa, Mbeya: Mwalimu, ufukara hata huku tunao. Katika miaka ya 1960 mtaa wa mabanda wa Back-o-Wall jijini Kingston ulibomolewa chini ya waziri Edward Seaga, pakajengwa Tivoli Gardens, na nyumba zikagawiwa wafuasi wa chama chake cha JLP. Wapinzani wao wa chama cha PNP nao wakajiwekea ngome, silaha zikaingia, na katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 watu zaidi ya 800 wakauawa. Siasa ndiyo iliyoyalea magenge hayo.

Mnyalukolo: Naafiki, ila baadaye fedha za kokeini ziliwapa wakubwa wa magenge nguvu kuliko wanasiasa wenyewe, wakawa wanaamua kesi na kutoza wafanyabiashara. Mei 2010, Christopher Coke, mkuu wa genge la Tivoli, aliposakwa ili apelekwe Marekani kushtakiwa, takriban watu 70 walikufa Tivoli.

Mwalimu wa Uraia: Je, kukamatwa kwake kuliyamaliza?

Mkazi wa Mwanjelwa: La, mwalimu. Magenge madogo yamebaki, na tangu mwaka 2018 serikali imetangaza hali ya hatari mara kadhaa.