Wenzangu wa kozi wanataka tuingie kizimbani tukaone papa Gansbaai. Niende au nijifanye naumwa?

Kijana wa Kigogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nipo Cape Town tangu wiki iliyopita, ofisi imenileta kozi ya wiki mbili. Tuko sita: mimi Mbongo peke yangu, Wakenya wawili, Mganda, Mzambia na dada mmoja wa Botswana. Juzi usiku tukiwa tunakula, Mkenya mmoja akaleta wazo kwamba Jumamosi twende Gansbaai, kama saa mbili kwa gari kutoka hapa, tuingie kwenye kizimba cha chuma ubavuni mwa boti ili papa waje tuwaone. Wote wakakubali. Na mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa katikati ya mbavu za kondoo na sikutaka maswali.

Sasa hali halisi. Kuogelea sijui. Nimekulia Kigogo, maji mengi niliyozoeana nayo ni ya mafuriko ya Msimbazi. Boti ya Zanzibar nimepanda mara tatu, na mara zote tatu nimeomba ule mfuko mweusi kabla hatujafika Chumbe. Bei ni randi 2,800, karibu laki nne za kwetu. Basi linatupitia saa kumi alfajiri. Mwisho wa kulipa ni Alhamisi. Wife bado sijamwambia.

Asiyejua kuogelea anaruhusiwa? Hicho kizimba kiko imara kweli? Na laki nne hiyo inalipa, au ni mambo ya picha za kurusha status tu? Naomba waliofika, siyo wale wa kusimuliwa.

Sato wa Mwanza

Kizimba ninachokijua mimi ni cha kufugia sato. Samaki anakaa ndani, mtu anakaa nje, na mtu ndiye anayekula. Nyie mmegeuza. Navuta kiti nisubiri wajuzi.

Mzamiaji Mstaafu

Mkuu, mimi nimeenda mara mbili. 2014 nikiwa nasoma huko, halafu 2022 nikampeleka mdogo wangu. Safari hizo mbili hazifanani hata kidogo, ndiyo maana nitaandika kirefu.

Kuogelea kusikuumize kichwa. Kizimba kinaelea, kimefungwa kwenye boti, na sehemu yake ya juu iko nje ya maji. Hakuna mtungi wa hewa. Wanakuvisha suti nene ya mpira, kofia yake na viatu vyake, na mkanda wa vipande vya risasi kiunoni ili usiibuke kama kizibo. Unasimama humo kichwa kikiwa hewani, umeshika bomba la ndani. Nasema LA NDANI. La nje mwachie papa. Jamaa aliye juu akiona kivuli anapiga kelele "chini, kushoto!", unabana pumzi, unajizamisha, unatazama, unarudi juu. Ni sekunde kumi au kumi na tano. Vyuma vya kizimba sikuona vikiyumba mara zote mbili.

Kitakachokutesa kwanza ni baridi. Mwezi huu wa nane maji ya kule yanacheza kwenye nyuzi 13, 14. Yale ya kwanza yanayopenya shingoni na kushuka mgongoni yatakufanya usahau hata jina la ukoo wako. Cha pili ni harufu. Tangu wanapotia nanga hadi mnaondoka kuna mtu kazi yake ni kumwaga chambo, maji yaliyokorogwa na samaki waliosagwa na mafuta yao, kopo baada ya kopo. Boti haiendi popote, inalala kushoto, inalala kulia, nawe unavuta hewa ya samaki. Hapo ndipo bahari inapowalevya watu. 2014 nilihesabu tisa kati ya ishirini wameegemea ukingo, na wa kumi alikuwa ndani ya kizimba akitapikia humo humo huku wenzake watano wakijibana upande wa pili. Kwa ulivyojieleza, huyo wa kumi ni wewe. Kama unaenda, dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kupanda boti, maana ukishaanza kutapika haina kazi tena.

Sasa papa wenyewe. 2014 walikuja papa weupe saba ndani ya saa mbili. Mmoja wa mita nne hivi alipita taratibu kabisa, bila haraka, nikaona makovu ya meno kwenye shavu lake, pengine ya sili, mnyama wa baharini anayewindwa na papa, aliyejitetea. Alikigusa kizimba kwa pua, chuma kikalia kama sufuria iliyogongwa na mwiko. Hakuturukia wala hakufungua kinywa. Aligusa, akaondoka.

2022 hatukuona mweupe hata mmoja. Waliokuja ni papa wa rangi ya shaba, wa mita mbili na kitu, wengi na wachangamfu. Wanapendeza, lakini siye yule aliyechorwa kwenye bango.

Kilichotokea katikati ni oka, wale nyangumi wauaji. Kuna madume wawili maarufu, Port na Starboard, wamepewa majina hayo kwa sababu mapezi yao ya mgongoni yamelala, la mmoja kushoto na la mwingine kulia. 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kutupwa ufukweni hapo Gansbaai, imepasuliwa kifuani, ini halipo. Ini la papa ni kubwa na limejaa mafuta, nao wanachukua hilo tu, mwili mzima wanauacha. Papa wakishajua oka wamepita wanahama, na wanaweza kukaa miezi bila kurudi. 2023 Starboard peke yake alionekana kule Mossel Bay akimmaliza papa mweupe mdogo wa mita 2.5 kwa chini ya dakika mbili. Kuna wanaosema oka wanasingiziwa, kwamba wavuvi wa mishipi mirefu yenye ndoano nyingi wamemaliza papa wadogo ambao mweupe anawala. Mimi naona yote mawili yapo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, piga simu. Usiulize "papa wapo?" kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Uliza "wiki hii mmeona papa wa aina gani?" Na uliza wasipoonekana inakuwaje. Mara nyingi hela hairudi, unapewa vocha ya kuja tena. Wewe Gansbaai utarudi lini?

Bint Makunduchi

Assalaam alaykum. Sisi kwetu papa tunamjua mkavu, wa kutia nazi, na wali pembeni. Babu yangu alikuwa mtu wa jarife, kavua papa miaka arobaini, na hajapata kusikia mtu katoa pesa ili papa amtazame.

Lakini mimi nimeshika jambo moja tu, mwanangu. Mkeo hujamwambia kwa nini? Likikufika la kukufika huko, apate habari kwa nani? Kwa huyo Mkenya? Mwambie leo.

Kipusa wa Likoni

Mleta uzi, huyo Mkenya asikutishe, sisi huwa tunapendekeza vitu halafu siku ikifika tunachelewa.

Kwa upande wa hatari, tulia. Dunia nzima watu wanaoumwa na papa bila kuwachokoza huwa ni kama 60 hadi 70 kwa mwaka, na wanaofariki mara nyingi hawafiki kumi. Bodaboda za mtaa wako pekee zina rekodi mbaya zaidi.

Mtu wa Bima

Hesabu ya Kipusa ni sahihi lakini inajibu swali ambalo si lake. Papa kumfikia mtu kizimbani ni nadra sana. Cha kuogopa ni bahari. Aprili 2008, hapo hapo Gansbaai, boti ya watalii waliokwenda kuona papa ilipinduliwa na wimbi, watalii watatu wakafa. Papa hawakuhusika kabisa. Agosti ni kipupwe cha Cape, mawimbi ni makubwa, na wewe kuogelea hujui. Kwa hiyo uliza jaketi la kuokolea maisha utavaa muda wote usipokuwa kizimbani, au yamefungiwa kwenye boksi. Nahodha akiahirisha safari kwa sababu ya hali ya hewa, usinune, mshukuru.

Na soma bima yako ya safari. Nyingi zina kipengele kinachotoa nje michezo ya hatari, na Jumamosi hauko kazini, usidhani ofisi itakubeba. Kule watakusainisha karatasi kwamba lolote likitokea ni juu yako. Wewe umekubali safari ukiwa unakula mbavu, usije ukasaini nayo hivyo hivyo.

Pweza Mkali

Mimi hata bure siendi. Unamwaga damu na mafuta majini kumwita mnyama ambaye alikuwa na shughuli zake, halafu unamkosesha chakula chenyewe ili umpige picha. Mexico walifunga kabisa utalii huu kisiwa cha Guadalupe mwanzoni mwa 2023. Miaka michache nyuma, 2019, papa mmoja pale alifuata chambo akapenyeza kichwa katikati ya vyuma, akanasa, akafa. Kizimba ni salama kwa nani?

Mzamiaji Mstaafu

Pweza, la Guadalupe ni kweli na sina utetezi. Ila usisahau Afrika Kusini ndiyo nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kisheria, 1991, na boti za pale zinafanya kazi kwa vibali. Wakati huo huo nyavu za kulinda waogeleaji upande wa Durban ziko majini tangu 1952 na zinaua papa kila mwaka, wala hakuna mtalii anayelalamika akiwa amelala ufukweni. Ukitafuta wa kumlaumu anza na nyavu.

Pweza Mkali

Kwa hiyo ubaya wa nyavu unasafisha chambo? Hata mwindaji wa pembe atakwambia kuna mwindaji mbaya kuliko yeye.

Sato wa Mwanza

Uzi umeanza kunoga. Jamani kuna mtu amemjibu kijana wa watu lakini?

Mchukuzi wa Kilindoni

Mimi nipo Mafia. Kijana, ukirudi nyumbani subiri Oktoba. Kuanzia hapo hadi Machi papa potwe wanakuja karibu kabisa na Kilindoni, kufuata vijikamba vidogo vidogo vya majini. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, wa kwetu wengi ni mita sita, saba, ana madoa mgongoni kama mtu kammwagia shilingi, na hana habari na mtu. Hakuna kizimba wala chambo. Unavaa jaketi, unaingia majini taratibu, anapita chini yako kama daladala limezima injini. Maji ya moto, siyo hayo ya friji. Boti inatoka Nyamisati, na hiyo laki nne yako itabaki chenji ya pweza wa kukaanga.

Sharti letu ni moja tu, usimguse.

Kijana wa Kigogo (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Nawashukuru wote, hata Sato.

Leo mchana nilipiga simu kama Mzamiaji alivyonielekeza, nikauliza vile vile, "wiki hii mmeona papa wa aina gani?" Dada wa upande wa pili akanyamaza kidogo, akacheka, akasema ukweli. Wa shaba kila siku. Mweupe, mwezi huu hawajamwona. Nikauliza na jaketi, akasema yapo ya kila mtu. Nikauliza hali ya bahari Jumamosi, akasema watajua Ijumaa jioni. Sikuona ananificha kitu.

Nikawaeleza wenzangu wakati wa chai. Mkenya aliyeleta wazo kanywea kama puto, kumbe alishawaahidi watoto wake video ya papa mweupe. Mzambia kasema papa ni papa, yeye anaenda hata akikuta kambale. Tumegawanyika nusu kwa nusu. Wakenya wawili na Mzambia wanaenda kizimbani. Mimi, Mganda na yule dada wa Botswana tutashuka njiani, mji wa Hermanus. Wanasema msimu huu nyangumi wanakuja kuzalia pale, na unawaona ukiwa umesimama juu ya mwamba, miguu iko kwenye ardhi kavu, bila kulipa chochote. Laki nne inabaki, na Oktoba tutaongea na mtu wa Kilindoni.

Naona mtaniita mwoga. Sawa tu. Ile habari ya mtu wa kumi ilinimaliza, niliiona sura yangu kabisa.

Bint Makunduchi, na wewe nimekutii. Nimempigia wife, nimemweleza kila kitu tangu mwanzo, kizimba, chambo, oka, ini, kwamba nimeghairi, na kwamba Jumamosi nitakuwa Hermanus natazama nyangumi. Kasikiliza yote kimya, hakunikatiza hata mara moja. Nikajua imepita.

Halafu akauliza: "Huyo dada wa Botswana ni nani?"

Wakuu, naomba ushauri.