"A nice point" si hoja nzuri: neno hili limegeukaje hivi?

Mtarjumani_Nzuguni

Wakuu, habari za jioni. Nina rasimu ya tafsiri ya hukumu ya zamani, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Jaji anasema jambo lililo mbele yake ni "a nice point", halafu anakwenda kurasa nne akilipima huku na huku kabla hajaamua. Rasimu imeandika "hii ni hoja nzuri". Mhariri kalizungushia duara neno "nzuri" na kuandika pembeni: "Jaji hasifu hapa." Kamusi ndogo ya mezani inatoa -zuri, -ema na -a kupendeza, basi.

Naomba wanaolijua neno "nice" wanieleze lilikotoka hadi likawa na sura mbili. Pia, nikilikuta kwenye maandishi ya karne nyingine, nitajuaje limekuja na maana ipi? Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kwa hiyo nyaraka za namna hii zitazidi kutua mezani hapa Dodoma. Nataka njia ya kufuata, jibu la sentensi moja halitanitosha.

Mwl_Kongwa

Mhariri wako yuko sahihi. Hapo "nice" ni jambo linalotaka umakini mkubwa kwa sababu tofauti iliyopo ni ndogo mno. Maana hiyo imeitangulia "-zuri" kwa miaka zaidi ya mia mbili.

Asili yake ni Kilatini, "nescius". "Ne" ni kikanushi, "scire" ni kujua. Asiyejua. Kutoka kwenye "scire" hiyohiyo Kiingereza kimepata "science", kwa hiyo "nice" na "science" ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja amekanushwa. Kifaransa cha kale kililichukua likiwa na maana ya mzembe, dhaifu, mpumbavu, na likaingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 13. Wakati huo ukimwita mtu "nice" umemtukana.

Baada ya hapo likaanza kutembea. Likawa mwoga, mwenye kusitasita. Mwishoni mwa karne ya 14 likawa mtu wa kuchaguachagua, asiyeridhika kirahisi. Karibu na mwaka 1400 likawa -ororo, -a kudekezwa. Miaka ya 1500 likawa -angalifu, sahihi hadi chembe ya mwisho, na hapa ndipo jaji wako alipo. Maana ya kupendeza kamusi za historia zinaitajia mwaka 1769, na ya mtu mwema, mwenye kujali wenzake, 1830. Hiyo ambayo mwanafunzi anafundishwa siku ya kwanza ndiyo kitinda mimba wa ukoo mzima.

Bawaba ya mlango ni yule mtu wa kuchagua. Asiyejua kitu husita kukigusa. Anayesita kugusa, kwa macho ya watu, hana tofauti kubwa na anayechagua. Anayechagua sana huona tofauti ambazo wengine hawazioni, na kuona tofauti ndogo ndiyo umakini. Kitu kilichopita kwenye jicho la mtu kama huyo bila kukataliwa, watu watakiita kizuri. Ukitazama hatua mojamoja, zote ni fupi. Umbali unauona ukisimama mwisho na kutazama ulikoanzia.

Ila miaka hiyo usiifanye mipaka ya shamba. Maana mpya ikiingia, ya zamani haihami siku hiyo. Katika maandishi ya karne ya 16 na 17 kuna sehemu nyingi ambazo ni vigumu kusema kwa hakika mwandishi alikusudia ipi. Pengine tunasaidiwa na muktadha. Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya miaka ya 1590, sehemu ya tano onyesho la pili, mtawa anayesubiri majibu ya barua yake anaambiwa haikumfikia Romeo. Anasema barua ile haikuwa "nice", ilibeba jambo zito. Hapo maana yake ni "ya mambo madogo, ya kipuuzi". Anayeandika "barua haikuwa nzuri" amewaua wale vijana wawili bila sababu, maana vifo vyote vinavyofuata vinatokana na uzito wa barua hiyo.

Kalamu_ya_Chamwino

Mwalimu kaeleza vizuri. Naongeza upande wetu, kwa sababu Kiswahili kinacho kisa kinachofanana na hiki na hakuna haja ya kwenda mbali.

Chukueni "mjinga". Kamusi za kale za Kiswahili zinatoa maana ya mgeni, mtu aliyeingia karibuni, asiyezoea mahali wala desturi. Hakuna tusi hapo, anakosa taarifa tu. Leo ukimwita mtu mjinga mbele za watu, mnaweza kufikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Hata hivyo maana ya zamani haijafa: Mwalimu Nyerere aliposema maadui ni ujinga, maradhi na umaskini, ujinga ule ni kukosa elimu, na hakuna aliyehisi ametukanwa. Maana mbili, neno moja, kizazi kimoja. Kilichozitenganisha ni majirani wa neno. Likiwa karibu na "maradhi" na "umaskini" ni ukosefu wa elimu, likiwa mdomoni mwa mtu aliyekasirika ni tusi.

"Nescius" na "mjinga" vilianzia mahali pamoja, kwa mtu asiyejua. La kwetu likashuka na kubaki chini. Lao lilishuka kwanza, likakaa chini karne kadhaa, kisha likapanda.

Kwa hatua ya katikati, pale maana mbili zinapokaa ndani ya sentensi moja, angalieni "-kali". Kisu kikali, mbwa mkali, siki kali, jua kali. Kisha wimbo mkali, maana yake ni wimbo uliowazidi wenzake. Sasa someni: "Yule ni mwalimu mkali wa hesabu." Anachapa, au anafundisha kuliko wote? Yote mawili yanawezekana, na msikilizaji mmoja anaweza kulipokea kwa maana ambayo msemaji hakuikusudia. Akienda kulitumia hivyo kwa mwingine, maana mpya imeshapata mguu. Mwanafunzi akielewa sentensi hiyo moja, ameelewa karne tano za "nice". Kwenye kipindi cha dakika 80 ningeanza nayo ubaoni kabla ya kutaja Kilatini.

Tabia_ya_Maneno

Nadhani pia lina uhusiano na ule mji wa Nice, Ufaransa? Mji wa starehe, vitu vizuri.

Mwl_Kongwa

Hapana, ndugu. Jina la mji limetokana na Kigiriki, Nikaia, lenye mzizi wa ushindi. Zimefanana kwa maandishi tu, hata kutamkwa hazitamkwi sawa.

Makole_Sheria

Turudi kwenye hukumu, maana kazi inamsubiri mtu.

Rasimu nyingi zikishajua kwamba "nzuri" si sahihi, huanguka kwenye shimo la pili. Nimeona watu wanakimbilia maneno matatu, na yote yanaharibu.

"Hoja nyeti" inavuta kwenye siri na hisia za watu, mambo ya kuogopa kusemwa hadharani. Jaji hakusema hoja inaogopesha. "Hoja tete" ni mbaya zaidi: afya tete, hali tete, uchumi tete, vyote ni vitu vinavyokaribia kuvunjika. Msomaji ataelewa hoja ni dhaifu, na wakili wa upande ulioitoa atakuwa na haki ya kulalamika. "Hoja finyu" nayo inakaa jirani na mawazo finyu, kwa hiyo umemtukana aliyeitoa.

Na "yenye utata"? Hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Utata unaweza kutokana na maneno yaliyoandikwa hovyo. "Nice point" inaweza kuwa imeandikwa wazi kabisa. Ugumu wake ni kwamba pande mbili zimekaribiana, na jaji lazima azitenganishe kwa kitu kidogo.

Kiswahili tunalo neno la kazi hii, tena la jikoni: kupembua. Nafaka ikishatwangwa unaitia kwenye ungo, unarusha, pumba inapeperuka na chembe inabaki. Ila pumba ni nyepesi, upepo unakusaidia. Kazi inayofanana na "nice" ni ile inayofuata, ungo ukishatulia: changarawe yenye rangi ya mtama na uzito wa mtama. Upepo hauitoi. Unainamisha ungo kwenye mwanga, unatoa moja moja kwa ncha za vidole. Ndiyo maana napendekeza "upambanuzi makini" au "upembuzi makini". Mimi nachagua upambanuzi, kwa sababu "upembuzi" sasa umeshazoeleka pamoja na "yakinifu" kwenye miradi, na msomaji wa ofisini atawaza barabara na mabwawa.

"A nice distinction" ni rahisi zaidi: "tofauti ndogo mno" au "tofauti nyembamba". "Nicely balanced" usiandike "imesawazishwa vizuri". Sema "mizani imekaribiana sana".

Mtarjumani_Nzuguni

Shukrani sana wakuu. Hiyo ya "tete" ndiyo niliyokuwa nimeiandaa. Limebaki swali la njia. Mbali na hukumu, kuna barua za miaka ya 1780 na kidogo, na humo "nice" limo kila ukurasa. Kuna "nice about her food", "a nice ear", "a nice day". Mwaka unasema zote zinawezekana.

Mpwapwa_Kamusi

Hapo mwaka umekufikisha mlangoni tu. Ndani unaongozwa na majirani wa neno, kama alivyosema Kalamu.

Tazama kwanza nomino inayofuata. Ikiwa ni kitu cha kupima au kuamua, kama point, question, distinction, balance, judgement, basi ni usahihi. Ikiwa ni kiungo cha kuhisi, sikio, jicho, ulimi, ni wepesi wa kutambua: "a nice ear" ni sikio linalokamata sauti iliyopotoka kidogo, wala si sikio zuri la kupendeza. Ikiwa ni siku, chakula, matembezi, nyumba, na maandishi ni ya baada ya 1769, "-zuri" inaruhusiwa.

Kisha tazama kihusishi. Mtu akiwa "nice about" au "nice in" kitu fulani, huyo ni mchaguzi: "nice about her food" ni mtu anayechagua chakula, asiyekula hovyo. Makosa mengi kwenye barua za wakati huo yanatokea hapa, kwa sababu Kiingereza cha leo kinamfanya msomaji adhani anasifiwa kwa upole mezani. Neno "too" likitangulia, shaka inapungua zaidi. Mtu "too nice" wa zamani amepitiliza kuchagua.

Mwisho, jaribu kubadilisha. Weka "sahihi", soma aya nzima. Weka "-a kuchagua", soma tena. Weka "-zuri". Sentensi moja haitoshi, soma aya, kwa sababu mwandishi mara nyingi analifafanua neno lake mistari miwili mbele. Jaji wako alijifafanua kwa kurasa nne.

Kuhusu kamusi, jua zimepangwaje kabla hujazifungua. Kamusi za wanaojifunza lugha zinaanza na maana inayotumika zaidi leo. Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, inaanza na ya zamani zaidi na kuweka mifano yenye miaka. Webster's Collegiate nayo inafuata historia, na hapo watu wanajikwaa: wanachukua maana namba moja wakidhani ndiyo kuu, kumbe ndiyo kongwe. Kwa maandishi ya karne ya 18 fungua pia kamusi ya Samuel Johnson ya 1755. Kwa "nice" yeye anaanza na usahihi wa kupima mambo hadi chembe ndogo. Mtu aliyeandika barua 1780 alikuwa karibu na Johnson kuliko alivyo karibu nasi.

Na usije ukaitumia asili ya neno kama ushahidi wa maana. Jane Austen, katika riwaya yake Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, ana mhusika kijana anayemkosoa msichana kwa kukiita kitabu "nice". Anadai huenda hapo awali neno lilihusu unadhifu na ustaarabu tu, na sasa limekuwa sifa ya kila kitu. Amelalamikia matumizi mapya kwa kutetea ya zamani, na hiyo anayoiita ya awali nayo iliwahi kuwa mpya. Ya awali kabisa ni mpumbavu. Akitokea mtu kusema maana halisi ni ile ya kwanza, mwombe aitumie kwa jirani yake.

Kalamu_ya_Chamwino

Jaribio hilo la kubadilisha lifanyieni na "silly" mkikutana nalo kwenye mashairi ya kale. Lilianza kama heri, -liobarikiwa, likapita kwenye asiye na hatia, likapita kwenye wa kuhurumiwa, ndipo likafika kwenye upumbavu katika karne ya 16. Limekwenda kinyume kabisa cha "nice". Kijerumani bado kina "selig" kwa maana ya heri. Kondoo "silly" wa mshairi wa zamani ni mnyonge asiye na kosa, msimwite mjinga.

Mtarjumani_Nzuguni

Nimeiandika hivi: "Suala hili linahitaji upambanuzi makini sana, kwa kuwa tofauti kati ya pande mbili ni ndogo mno." Mnaonaje?

Makole_Sheria

Imekaa vizuri isipokuwa sehemu mbili. "Kwa kuwa" na yote yanayofuata ni maelezo yako, jaji hakuyasema kwenye sentensi hiyo. Kwenye hukumu ukimwongezea jaji sababu, kesho mtu atainukuu kama yake. Ukihisi msomaji anahitaji msaada, weka tanbihi chini ya ukurasa. Na "point" hapa ni hoja ya kisheria. "Suala" liache kwa ajili ya "issue", ambayo bila shaka itakuja mbele na utalihitaji. Andika: "Hii ni hoja inayohitaji upambanuzi makini." Halafu pitia rasimu yote utafute "nicely" na "nicety", kwa sababu aliyeandika "hoja nzuri" ukurasa wa kwanza hakuishia hapo.