Naomba ushauri: programu ya mazoezi kwa mama wa miaka 71 na mjomba aliyeko kwenye kiti cha magurudumu

Mkarafuu_Chake:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mama ana miaka 71, anatembea kwa mkongojo, macho yamepungua nguvu na anakunywa atenolol ya presha. Mjomba yuko kwenye kiti cha magurudumu, mikono mizima. Wote wana simu za Android. Kila programu ninayofungua inaanza na kuruka kamba na hatua 10,000. Ipi inafaa? Tuko Chake Chake, intaneti yetu ni ya bando.

FundiSimu_Darajani:
Wa alaykum salaam. Usianze na jina la programu, anza na mipangilio ya simu. Kuza maandishi mpaka mwisho ndipo uifungue. Nyingi zinaanguka hapo hapo: maandishi yanasukuma kitufe cha kuendelea nje ya kioo, mama hapiti hata ukurasa wa kwanza.

Ikifaulu, washa TalkBack, ile sauti ya Android inayosoma yaliyo kwenye kioo. Telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gonga mara mbili kuchagua. Ukisikia inasema "kitufe" tupu, ujue waliotengeneza hawakuvipa majina. Kimoja viwili unaweza kuvipa jina mwenyewe kwenye menyu ya TalkBack, vikiwa kumi ifute tu. Halafu fumba macho ucheze zoezi moja. Mwalimu akisema "fanya kama mimi" na muziki unapiga, hiyo si ya mama. Tafuta inayotamka: kaa, nyanyua goti la kulia, shusha. Iwe pia inaruhusu kupakua video mara moja ukazicheza bila bando, na kurefusha mapumziko. Sekunde 10 hazimtoshi mwenye mkongojo hata kukaa vizuri.

Viungo_Wete:
Hizo 10,000 zisahau, zilitoka kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua huko Japani mwaka 1965. Simu inahesabu mtikisiko, na anayeburuza miguu polepole hatikisiki vya kutosha. Saa ya mkononi ni mbaya zaidi kwa anayeshika fremu ya kutembelea, maana mkono haupungi. Simu ifungwe kiunoni, isikae mkobani. Mhesabie hatua 100 kwa mdomo, kisha linganisha. Ikionesha 70, weka lengo la dakika. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 kwenda juu mazoezi ya kukaza misuli na ya kusimama bila kuyumba angalau siku 3. Aanze na dakika 5 asubuhi na 5 jioni.

La atenolol ndilo kubwa. Dawa hiyo inashusha mapigo ya moyo. Programu inatoa 220 kuondoa 71, inapata 149, kisha inamdai asilimia ya hapo. Mama hafiki, nayo inamhimiza azidishe kasi. Zima lengo la mapigo. Kipimo chake kiwe pumzi: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, aache zoezi hapo hapo.

Mpime pia kusimama na kukaa kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani, kiti cha kimo cha sentimita 43 hivi. Mwanamke wa miaka 70 mpaka 74 akishindwa kufika mara 10, miguu imelegea, na hapo zoezi la kusimama na kukaa litangulie kutembea. Kiti cha plastiki juu ya vigae kinateleza, kiegemeze ukutani. Mimi napenda baraza: haiendi popote, na ukuta upo nyuma. Ikiwa fupi, tandika godoro dogo lililokunjwa.

Ringi_Michenzani:
Kwa mjomba, Apple Watch tangu 2016 inahesabu misukumo ya magurudumu badala ya hatua, na badala ya kumwambia asimame inamwambia azunguke kidogo. Lakini haishikani na Android, kwa hiyo kwenu achana nayo. Tumia programu ya kupima muda tu.

Afunge breki kwanza. Kila siku anasukuma, mabega ya mbele yamechoka tayari, msimwongezee ngumi na kujiinua tu. Mpeni kuvuta nyuma: mpira wa mazoezi ufungwe kwenye nondo ya dirisha, avute viwiko kuelekea mbavuni mara 10, apumzike dakika moja, arudie mara 2. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, inatosha kuanzia. Bega likichoma, punguza.

Mkarafuu_Chake:
Ahsanteni sana. Nimepata moja inayopita majaribio yote ya Fundi, ila inadai kadi ya benki kwa siku 7 za bure.

FundiSimu_Darajani:
Ukiifuta kwenye simu, malipo hayajakatika. Ingia Play Store, sehemu ya malipo na usajili, ughairi siku ile ile unayojiunga. Kwa kawaida unaendelea kuitumia mpaka siku 7 ziishe.