Mnaowaambia wanaoanza baiskeli za mbio wanunue magurudumu ya kaboni kwanza, mnawatia hasara

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika kwa hasira. Mtu ananunua baiskeli yake ya kwanza ya mbio, fremu ya aluminiamu, gia 8 au 9 nyuma, anauliza swali la kawaida kabisa: nibadilishe nini kwanza? Majibu yanamiminika: magurudumu ya kaboni, seti nzima ya gia, usukani wa kaboni. Hakuna hata mmoja anayemuuliza breki zake zinabana rimu au diski, ekseli yake ni ya aina gani, habu yake (kitovu cha gurudumu) inavaa kaseti (rundo la meno ya gia za nyuma) ipi. Anatoa hela, kipuri kinafika, hakiingii. Muuzaji aliyekuwa anajibu ujumbe papo hapo sasa anamwambia mzigo ukishafunguliwa haurudishwi.

Tufanye hesabu basi, maana mashabiki wa wepesi hawaipigi. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 85. Magurudumu mapya yakimpunguzia gramu 500, hiyo ni kama asilimia 0.6 ya mzigo wote. Kwenye mlima mkali wa dakika 30 anaokoa takriban sekunde 10. Kwenye tambarare hata hizo hazipati, kwa sababu huko anapambana na upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inapigwa na mwili wake mwenyewe. Shati linalopepea kifuani linamrudisha nyuma, na kulibadilisha hakuhitaji fundi.

Sasa tairi. Baiskeli za bei ya chini hutoka dukani na tairi ngumu zenye waya ukingoni na raba nene. Jozi ya namna hiyo na jozi nzuri zinazokunjika zinaweza kupishana wati 10 hadi 20 kwenye mwendo wa kilomita 28 hadi 30 kwa saa. Kwa anayeanza, ambaye pengine anasukuma wati 150 kwa jumla, huo ni mzigo anaousikia miguuni. Hakuna kipuri kingine kwenye baiskeli ile kinacholeta tofauti kubwa hivyo kwa hela ndogo hivyo. Ukiongeza tyubu nyepesi unapata kidogo zaidi: ya kawaida ya raba ya butili huwa na gramu 100 hivi, ya plastiki laini ya TPU chini ya gramu 50. Lakini tairi ndiyo kwanza.

Na mkishamwambia abadili tairi, mwambieni na upepo wa kujaza. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni ni ukomo wa usalama, wala si kipimo cha kujazia kila siku. Mwendeshaji wa kilo 75 mwenye tairi za milimita 28 anatosheka na psi 75 hivi nyuma na 70 mbele, kisha anarekebisha kidogo kidogo. Akijaza 110 kwenye lami iliyokwaruzika, baiskeli inadunda, nguvu inapotelea kwenye mtikisiko na mshiko kwenye kona unapungua. Halafu anaambiwa fremu yake ni ngumu, anunue ya kaboni. Tatizo lilikuwa pampu!

Kuhusu upana: kabla ya kumtajia mtu 28, mwambieni apime nafasi. Breki fupi za kubana rimu nyingi zinaishia 25 au 28, na tairi iliyoandikwa 28 haiwi 28 kwenye kila rimu. Ikivalishwa rimu pana zaidi kwa ndani, tairi nayo inatanuka. Jaza upepo, zungusha gurudumu, tazama sehemu tatu: chini ya breki, kwenye foku, na nyuma ya krenki (mikono ya pedali) ambapo fremu inabana. Acha milimita 4 kila upande. Pakiwa na milimita 1, kokoto moja iliyonasa kwenye tairi itakula fremu.

Nirudi kwenye kaboni, kwa sababu hapa ndipo mnapohatarisha watu. Rimu ya kaboni inayobanwa na breki hupata joto kali kwenye mteremko mrefu. Mwendeshaji mzoefu anabana kwa nguvu, anaachia, anabana tena. Anayeanza anaogopa, anashikilia breki mfululizo hadi chini. Gundi ya kaboni inalainika, rimu inapinda au tyubu inapasuka. Rimu hizo zinadai raba za breki maalumu, na raba zilizokwisha kutumika kwenye aluminiamu hazifai kabisa, kwani zimemeza vipande vidogo vya aluminiamu ambavyo vitaichimba kaboni. Ni wauzaji wangapi wanaweka raba hizo kwenye boksi, au hata kuzitaja?

Upande wa diski kuna kosa lingine. Rimu nyingi za kaboni za siku hizi hazina ule mkunjo wa ndani unaoshika ukingo wa tairi. Kwa rimu hizo ukomo ni baa 5, yaani psi 72 na nusu, na tairi lazima iwe imeidhinishwa kwa rimu ya namna hiyo. Mtu wa kilo 95 mwenye tairi za 28 anahitaji upepo unaozidi hapo, kwa hiyo itabidi apande hadi 30 au 32, na huenda fremu yake haizipokei. Akijaza 100 kama alivyozoea, tairi inaweza kuruka kutoka kwenye rimu akiwa mwendoni. Kumuuzia mtu gurudumu hilo bila kumwambia haya ni kucheza na uhai wake.

Halafu habu. Frihabu (sehemu ya habu inayovaa kaseti) ya kampuni ya Shimano ya gia 11 za barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ya gia 8, 9 na 10. Kaseti ya 8 au 9 inavaa juu yake ukitanguliza ringi ya milimita 1.85. Ile ya 10 mara nyingi inataka na ringi ya milimita 1 juu ya hiyo. Kaseti ya 7 kwenye frihabu ya 8 hadi 10 inadai ringi ya 4.5. Bila ringi, utakaza nati ya kaseti mpaka mwisho na meno bado yatacheza. Kinyume chake, kaseti ya kawaida ya 11 za barabarani haikai kwenye frihabu ya zamani. Zipo chache zenye meno 11 hadi 34, mfano CS-HG800 ya Shimano, zilizotengenezwa ili zikae humo. Na baiskeli za bei ya chini kabisa hazina kaseti, zina friwili inayokazwa kama nati, ambayo haihamishiki kwenye habu ya kaseti. Upana wa ekseli nao ni hadithi nyingine: milimita 130 nyuma kwa fremu nyingi za breki za rimu, 135 kwa diski za ekseli ya kufyatua, 142 kwa ekseli ya kupenya ya milimita 12. Gurudumu la 142 haliingii kwenye fremu ya 130, na anayekwambia utanue fremu ya aluminiamu kwa mikono, mkimbie.

Seti nzima ya gia ndiyo inanichosha zaidi. Kutoka 8 kwenda 11 kunadai mikono mipya ya gia (ya kubadilishia, kwenye usukani), direla zote mbili (vifaa vinavyohamisha mnyororo), kaseti, mnyororo, mara nyingi na gurudumu la nyuma. Huwezi kuchanganya ovyo, kwa sababu kila mkono wa gia unavuta waya kwa kipimo chake. Seti ya Shimano iitwayo Tiagra 4700 ni ya gia 10, lakini mvuto wake unaendana na wa gia 11, kwa hiyo mkono wake na direla ya Tiagra 4600, ambayo nayo ni ya 10, havipatani. Gia mbili zitaingia vizuri, ya tatu itakwaruza, na fundi atazungusha kirekebishi cha waya siku nzima bila mafanikio. Wauzaji wanaandika “inafaa gia 10” na kunyamaza.

Na ukimhoji huyo mtu vizuri, mara nyingi anachotaka ni gia nyepesi ya mlimani tu. Meno 34 mbele na 28 nyuma, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, ni karibu kilomita 14 kwa saa. 34 kwa 34 ni kama 11. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda umekaa na kupanda ukihema huku magoti yanalia, na inahitaji kaseti na mnyororo tu, ilimradi direla inaruhusu. Angalia vitu viwili. Kwanza, jino kubwa kabisa inalokubali, yaani idadi ya meno ya duara kubwa la kaseti. Pili, uwezo wa kumeza mnyororo: toa meno madogo ya mbele kwenye makubwa, fanya hivyo na nyuma, jumlisha. Kwa 50/34 mbele na 11-34 nyuma ni 16 na 23, jumla 39. Direla ya Shimano 105 R7000 yenye mkono mrefu wa kuvuta mnyororo inakubali jino la 34 na jumla ya 39. Ile fupi inaishia 30 na 35. Urefu wa mnyororo pima kwa kuuzungusha kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye direla, kisha ongeza pingili mbili. Ukikata mfupi, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa direla itang'oka na sikio lake, yaani kipande cha fremu kinachoibeba.

Kabla ya yote hayo pima mnyororo uliopo. Pingili 24 za mnyororo mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306.3 kwa gia 11, au 307.1 kwa gia 8 hadi 10, badilisha. Mkichelewa, kaseti inaliwa pamoja nao, na mnyororo mpya utaruka ukikanyaga kwa nguvu. Hapo ndipo watu wanaambiwa gia zao mbovu.

Nyaya hamzitaji kabisa! Gamba la waya wa gia, milimita 4, lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. La breki, milimita 5, limesokotwa. Msitumie la gia kwenye breki hata siku moja, maana ukibana kwa nguvu linaweza kupasuka. Kata gamba liwe bapa, piga tupa kidogo, zibua tundu kwa sindano, valisha kofia. Mnyororo ukisita kupanda jino kubwa, geuza kirekebishi cha direla robo mzunguko kinyume na saa, jaribu, rudia. Gia 8 zenye nyaya mpya zinaingia safi kuliko 11 zenye nyaya zilizoshika kutu.

Raba za breki za kiwandani kwenye baiskeli hizi ni ngumu. Weka zile zenye kibebeo cha chuma, zinazochomolewa. Upande wa kibebeo uliozibwa uelekee mbele, la sivyo raba itachomoka ukibana. Iache milimita 1 chini ya tairi, na ncha ya mbele iguse rimu kabla ya ile ya nyuma. Futa rimu kwa spiriti.

Kipimo cha mwili nitakitaja kwa ufupi japo ndicho kinachoumiza wengi. Pima urefu wa mguu kwa ndani, zidisha kwa 0.883, hapo ndipo siti ianzie kutoka katikati ya krenki. Mguu wa sentimita 80 unatoa 70.6. Ongeza au punguza milimita 5 kwa mara. Ukibadili stemu (shingo inayobeba usukani), kaza bolti ya juu kwanza hadi foku isicheze, ndipo ukaze za pembeni kwa zamu, kwa kawaida kwa nguvu ya Nm 5. Wengi wanaanza na za pembeni, halafu wanashangaa usukani unagonga. Pedali ya kushoto inakazwa kinyume na saa, ipakeni grisi.

Wauzaji, andikeni kwenye tangazo: aina ya frihabu, upana wa ekseli, upana wa ndani wa rimu, ina mkunjo au haina, ukomo wa upepo. Mistari mitano tu. Na ninyi mnaojibu, msitaje kipuri chochote kabla hamjajua gia ngapi, breki gani, nafasi ya tairi kiasi gani, na kilo za mwendeshaji.

Wewe unayetaka kuuliza kwenye uzi huu, weka hayo manne pamoja na namba iliyochongwa nyuma ya direla, upande unaotazama spoku. Picha ya karibu ya kaseti itasaidia kuliko picha ya baiskeli nzima.