Mrejesho: matandiko ya viota vya kuku

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nitandike nini kwenye viota vya kuku wangu 12 hapa Kayole, maana mayai yalikuwa yakipasuka na kuchafuka. Wengi mlisema maranda. Nikachukua gunia kwa seremala, nikaacha vumbi la mbao kwa sababu linawasumbua kuku pumzi, nikatandika unene wa vidole vinne. Hayapasuki tena!

Uchafu ndio ulibaki, hadi nilipomulika usiku: kuku wawili walilala humo humo, kinyesi tele. Sasa jioni naziba viota kwa ubao, alfajiri nafungua. Nyasi kavu nilijaribu kiota kimoja. Mvua ikanyesha, zikaota ukungu. Dada uliyenionya kuhusu maranda ya mbao zilizotiwa dawa, asante sana.