Kakusanya simu zetu zote, kumbe yake imo mfukoni anapost "Familia Kwanza"!!!

Wakuu, hata salamu sitoi. Nina hasira mpaka kidole kinateleza kwenye kioo.

Yule mtu mnamjua. Kila ukoo unaye. Yule wa kutuma jumbe za "tuthamini familia" kwenye grupu alfajiri, kabla hata jogoo hajafikiria kuwika. Safari hii kaja na kikapu. Eti jioni ya familia, hakuna simu, tuangaliane usoni. Kapita mtu mmoja mmoja kama konda anayedai nauli. Hadi mama, mwenye simu ya batani isiyojua intaneti ni mdudu gani, kanyang'anywa. Tochi yake imo humo humo!

Tukatulia. Mama akaanza kusimulia alivyokutana na marehemu baba, habari ambayo hatujawahi kuisikia tangu tuzaliwe. Machozi yanatulengalenga. Yule mtu kainamisha kichwa, nikajua naye kaguswa. Kumbe anaandika!

Tumerudishiwa simu, nafungua status, nakutana na sisi wenyewe. Saa 2:14 usiku. Mama yuko katikati ya simulizi, mimi macho yamefumba, mdomo wazi, utadhani nimekata roho. Maandishi juu: "Hakuna simu leo. Familia kwanza."

HAKUNA SIMU LEO. Alipiga na nini, na kikapu?

Mama anasema "baba yenu akanishika mkono", mtu yuko bize kujing'arisha uso. Wa kwake tu. Wangu kauacha macho yamefumba.

Nimemuuliza, ananijibu "nilikuwa natunza kumbukumbu". Status inafutika baada ya saa 24! Kumbukumbu gani hiyo?

Macho yamefumba, wakuu. Ukoo mzima umeona.

Mwiba Mchungu: Uzi bila picha ni umbea. Weka hiyo ya macho yamefumba.

Kikombe Baridi: Kwa hiyo umeiacha familia umekuja kutulalamikia sisi kwenye simu. Mama yuko wapi saa hizi?

Mleta uzi: Yuko sebuleni. Usinitoe kwenye mada.

Sauti ya Chini: Kosa lake ni kusahau kuwaficha. Kwenye faragha ya status unachagua nani asione. Mie mashemeji wote nimewaficha tangu hizi status za picha zianze 2017, tunaishi kwa amani.

Mtaalamu Mstaafu: Tusimlaumu mtu. Hizi programu zimetengenezwa zikunase. Aza Raskin, aliyebuni 2006 ule mtindo wa kuperuzi bila kufika mwisho, mwenyewe alikuja kujutia hadharani.

Mwiba Mchungu: Kwa hiyo Aza Raskin ndiye aliyemfumba macho?

Bibi Msemakweli: Bora wako anapost. Mume wangu nikimsemesha ni "mh". Nikimwambia nyumba inaungua, "mh". Nikamtumia ujumbe nimekaa pembeni yake. Tiki za buluu papo hapo, akajibu: "Nipo na familia, nitakutafuta."

Kikombe Baridi: 😂😂😂 Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Hizo tiki za buluu toka zije 2014 hakuna ndoa iliyobaki salama.

Mama Wawili: Mnasema ya wakubwa. Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Huyu wangu mdogo hamezi tonge bila katuni. Ukizima anakutazama utadhani unamdai.

Sauti ya Chini: Tonge tu? Wangu haogi.

Mleta uzi: Jamani, lakini saa 2:14, mama anaongea...

Bibi Msemakweli: Mama Wawili, usizime simu, zima kucheza kiotomatiki. Ipo kwenye mipangilio. Katuni ikiisha inasimama hapo hapo, haileti nyingine. Lawama inabaki kwa simu, siyo kwako.

Mtaalamu Mstaafu: Na wale wa kutuma ujumbe wa sauti dakika tisa, nao tuwaweke kundi gani?

Mwiba Mchungu: Hao wafungiwe.

Mleta uzi: Wakuu, macho yangu!

Kikombe Baridi: Mkuu, anzisha uzi wako. Hapa tuko kwenye katuni.

Mama Wawili: Nimezima kucheza kiotomatiki. Kashagundua. Anakuja.