Mtoto wa marehemu dada yangu amebadilika: ni msiba au ni ugonjwa?

MamaMdogo:
Habari zenu wanajukwaa. Dada yangu mkubwa alifariki miezi minane iliyopita, akaniachia kijana wa miaka 15. Siku za msiba hakutoa chozi. Yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza mimi. Nikadhani amejaliwa moyo mgumu.

Mwezi wa tatu baada ya msiba mambo yakabadilika. Hasira za ghafla, milango inabamizwa, usiku yuko macho mpaka alfajiri, shuleni ameporomoka. Kisha kuna mchana anacheka na wenzake hadi unasema amepona, jioni ukimwita anakufokea. Juzi nilimpeleka kwa daktari. Ndani ya robo saa, bila kuulizwa kama tumefiwa, tukaambiwa ana ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) na aanze dawa. Sijampa bado. Je, nakosea?

NesiMstaafu:
Pole sana dada. Kabla ya yote nijibu hili: akikesha, asubuhi anaamka hoi au ana nguvu kama aliyelala vizuri? Kwenye hisia mseto kunakuwa na kipindi cha uchangamfu uliopitiliza, wiki nzima au zaidi (kile chepesi angalau siku 4 mfululizo). Mtu halali na hachoki, anaongea bila kituo, anajiona hashindwi na lolote. Kucheka mchana na kufoka jioni peke yake hakutoshi kuitwa hivyo. Watoto waliofiwa huingia kwenye huzuni na kutoka, leo hivi, baada ya saa moja vile.

Mimi ningeuliza zaidi kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hiyo hutazamwa kwa dalili zisizopungua 5 zinazodumu wiki 2, na kwa vijana hasira inaweza kusimama mahali pa huzuni. Ndiyo maana wengi huadhibiwa kwa utovu wa nidhamu kumbe wanaumwa. Ipo pia huzuni ya msiba isiyopungua: mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliirasimisha mwaka 2022, na kwa watoto na vijana huangaliwa baada ya miezi 6, si 12 kama watu wazima. Apimwe na damu, maana tezi ya shingo na upungufu wa damu huweza kuvuruga hisia. Suala la vilevi nalo aulizwe, kwa upole.

Kuhusu dawa, usiamue peke yako. Tafuta daktari wa akili wa watoto na vijana, mweleze mmeandikiwa nini na kwamba hajaanza.

KijanaWaZamani:
Nilifiwa na baba nikiwa na miaka 14. Kila mtu aliniambia niwe mwanaume, nikawa. Hasira yangu yote ilikuwa kwamba siku ya mwisho aliniita nikajifanya sisikii. Miaka mingi hakuna aliyeniuliza. Mama mdogo, muulize kuhusu siku ile. Kaeni ubavuni, kwa mfano mkitembea, msitazamane usoni.

MamaMdogo:
Asanteni. Anaamka hoi kabisa, kumtoa kitandani ni vita. Jana usiku nimemuuliza kama ulivyosema. Alinyamaza muda mrefu, akasema mama yake alimpigia simu jioni ile na hakupokea kwa sababu walikuwa wamegombana. Halafu akasema, "Natamani nilale nisiamke." Sijalala tangu hapo.

NesiMstaafu:
Dada, hilo ni la leo, si la wiki ijayo. Muulize waziwazi: "Unawaza kujiua? Umepanga namna?" Swali hilo halimtii wazo kichwani, humpunguzia mzigo. Dawa zote za nyumbani zifungie, hata za maumivu, pamoja na sumu za wadudu na vitu vyenye ncha kali. Asiachwe peke yake. Akisema ana mpango, nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura. Akisema hana, bado aonwe leo.

Ukifika, anza na maneno haya: "Amefiwa na mama yake, na amesema anatamani asiamke." Ya shule na milango yatafuata.

KijanaWaZamani:
Na umwambie simu ile haikumuua mama yake. Mwambie hata kama unadhani analijua.

MamaMdogo:
Amesema hana mpango, ila wazo humjia karibu kila usiku. Ya simu nimemwambia. Amelia, mara ya kwanza tangu mazishi. Tuko njiani kwenda hospitali. Amekubali kwa sharti moja, kwamba aingie peke yake kwanza, mimi nisubiri nje.